Nani Alilia Kwenye Harusi ya Kaka Yako?

"Nani alilia kwenye harusi ya kaka yako?"

Swali hilo aliulizwa James Foley, mwandishi wa habari wa Marekani, akiwa mateka wa kundi la Dola ya Kiislamu (ISIS) nchini Syria. Watekaji hawakulitunga wao. Liliulizwa kwa ajili ya familia yake, kwa sababu jibu lake mtu wa nje asingeweza kulibahatisha. Jibu sahihi likirudi, nyumbani watajua kwamba mtu wao yu hai. Kulikuwa na jingine pia: nani alikuwa nahodha wa timu ya soka shuleni kwenu? Mateka wenzake walisimulia baadaye kwamba maswali hayo yalimliza Foley kwa furaha. Hatimaye kuna mtu anayeongea kwa niaba yake.

Kisha maswali yakakoma.

Kundi lile lilikuwa na mateka 23 kutoka nchi mbalimbali, wengi wao wa Ulaya. Walinzi walikuwa wale wale, kipigo kile kile, njaa ile ile. Machi na Aprili 2014 Wahispania na Wafaransa wakaanza kutoka. Juni akatoka raia wa Denmark. Ufaransa ilikanusha kwamba ililipa kikombozi, lakini uchunguzi wa waandishi wa habari ulionyesha vinginevyo. Waliobaki nyuma wengi wao walikuwa Wamarekani na Waingereza, raia wa serikali mbili zilizokuwa zimesema waziwazi kwamba hazilipi. Agosti mwaka huo Foley akauawa mbele ya kamera.

Nimekaa na habari hiyo wiki kadhaa sasa, na kinachonisumbua zaidi hata ya ukatili ni pasipoti. Watu wawili wanalala sakafu moja, wamefungwa na mtu mmoja, na anayetoka hai anaamuliwa na kijitabu kilichokuwa mfukoni mwake siku aliyotekwa.

Je, serikali ya Marekani ilikosea kukataa kulipa? Nilidhani nitalijibu haraka.

Wanaokataa wana hoja

Nianze na upande unaokataa, kwa sababu hoja yao ni nzito na huwa tunaipita upesi tukishaona picha ya mama anayelia.

Mwaka 2003 watalii 32 wa Ulaya walitekwa katika jangwa la Sahara, kusini mwa Algeria. Baadhi waliokolewa na jeshi la Algeria. Waliobaki walihamishwa, mwanamke mmoja akafa kwa joto la jangwani, na wengine wakaachiwa nchini Mali mwezi Agosti. Taarifa zilizojitokeza baadaye zinasema Ujerumani ilitoa euro milioni 5, zikaandikwa kama msaada wa kibinadamu. Kundi lililozipokea ndilo lililokuja kujiita tawi la al-Qaeda la Maghreb mwaka 2007, na kuteka Wazungu jangwani kukawa kazi yake ya kudumu.

Julai 2014 gazeti la New York Times lilichapisha hesabu yake: tangu 2008, al-Qaeda na matawi yake walikuwa wamepata angalau dola milioni 125 kutokana na vikombozi, milioni 66 kati ya hizo mwaka 2013 peke yake. Kumbuka kwamba Januari 2014 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio namba 2133, likizitaka nchi zote zizuie fedha hizo zisiwafikie magaidi. Ndani ya miezi miwili tu mateka wa Syria wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Mwalimu Nyerere, akionya juu ya ubaguzi, aliufananisha na kula nyama ya mtu: ukishaionja huachi. Naona kikombozi kina tabia hiyo hiyo, kwa anayelipwa na hata kwa anayelipa.

Na si fedha tu. Oktoba 2011 Israeli iliwaachia wafungwa 1,027 ili kumpata askari mmoja, Gilad Shalit, aliyekuwa mikononi mwa Hamas tangu Juni 2006. Miongoni mwa walioachiwa alikuwa Yahya Sinwar, aliyekuwa amehukumiwa vifungo vinne vya maisha. Kila msomaji anajua Sinwar alifanya nini 7 Oktoba 2023, Hamas walipoivamia Israeli.

Hapa ndipo ninapokwama mara nyingi zaidi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, ndiyo, lakini wazazi wako wawili. Mama wa mateka tunamjua. Tumemwona kwenye televisheni, tumelijua jina lake, tumemwombea. Mama wa mtu atakayeuawa miaka kumi na miwili baadaye hatumjui. Yeye mwenyewe hajijui. Siku ya mabadilishano yuko kazini kwake, anasikia habari redioni, pengine anafurahi pamoja na wengine. Hakuna kiti chake mezani kwa sababu hakuna anayejua kwamba ni chake.

Serikali inayokataa inasema inamwakilisha huyo.

Ningeweza kuishia hapo, na watu wengi ninaowaheshimu wameishia hapo. Kilichonitoa ni Italia.

Siku 55

Tarehe 16 Machi 1978, asubuhi, Brigedi Nyekundu, kundi lenye silaha la mrengo wa kushoto, walizuia magari mawili mjini Roma. Wakawaua walinzi watano, wakaondoka na Aldo Moro, aliyekuwa waziri mkuu mara kadhaa na wakati huo mwenyekiti wa chama tawala, Democrazia Cristiana. Siku ile ile bunge lilikuwa linakwenda kuipigia kura ya imani serikali mpya ambayo Moro mwenyewe ndiye aliyehangaika kuiunda.

Watekaji walitaka wenzao 13 waliokuwa gerezani. Serikali ikakataa. Wakomunisti, waliokuwa wapinzani wa jadi, wakasimama na serikali. Chama cha Kisoshalisti cha Bettino Craxi ndicho kilichokuwa kikitafuta mlango wa kupitia, hata kama ni kumwachia mfungwa mmoja ambaye hakumwaga damu. Papa Paulo wa Sita aliandika kwa mkono wake akiwaomba watekaji wamwachie Moro bila masharti.

Na Moro naye alikuwa akiandika.

Barua zilitoka kule alikofichwa, nyingi, kwa mke wake, kwa viongozi wa chama, kwa Papa. Aliwakumbusha rafiki zake kwamba kubadilishana wafungwa ni jambo linalofanywa na dola nyingi, na kwamba kuokoa uhai si aibu. Aliandika kama profesa wa sheria aliyekuwa, akipanga hoja. Akaandika pia kama baba, akimuulizia mjukuu wake. Chama chake kikajibu nini? Watu waliokaa naye kwenye vikao kwa miaka thelathini walisema kwamba anayeandika si Moro wanayemjua. Barua ni za mtu aliyelazimishwa, wakasema, hivyo hazihesabiki.

Hilo ndilo lililonishtua. Ili msimamo usiyumbe, ilibidi kwanza mtu mwenyewe afutwe akiwa bado hai. Sauti yake ilikuwa inafika kila wiki, na wakubwa wakakubaliana kwamba si yake.

Tarehe 9 Mei mwili wake ulikutwa kwenye buti la Renault 4 nyekundu, katika mtaa wa via Caetani, si mbali na makao makuu ya chama chake wala na yale ya Wakomunisti. Alikuwa ameagiza kwamba viongozi wa serikali na wa chama wasije kumzika. Familia ikamzika peke yake. Serikali ikafanya misa kubwa bila jeneza.

Sasa ngoja.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 1981, Brigedi Nyekundu walimteka Ciro Cirillo, mwanasiasa wa Democrazia Cristiana katika mkoa wa Campania. Si waziri mkuu, ni kiongozi wa mkoa aliyesimamia ujenzi mpya baada ya tetemeko la ardhi la 1980. Safari hii maofisa wa usalama walikwenda hadi gerezani kuongea na Raffaele Cutolo, bosi wa Camorra, mafia wa Napoli, ili awe mpatanishi. Kikombozi kikalipwa. Julai Cirillo akarudi nyumbani.

Chama ni kile kile, watekaji ni wale wale, na maneno ya hadharani kuhusu dola isiyopiga magoti yalikuwa hayajabadilika.

Wapo wanaosema kifo cha Moro kiliwamaliza Brigedi Nyekundu, kwa sababu hata waliokuwa wakiwaonea huruma viwandani na vyuoni waliwageuka. Huenda ni kweli. Lakini kama ni kweli, basi kanuni haikuwa na sababu ya kupindishwa kwa ajili ya Cirillo. Tangu nisome habari zao wawili pamoja, sisikii tena kiongozi akisema "hatufanyi mazungumzo na magaidi" bila kujiuliza: na nani, lini, na kwa ajili ya mateka yupi?

Kuongea na kutoa

Nadhani tumeruhusu mambo mawili yafungwe kwenye furushi moja. Kuongea ni jambo moja. Kutoa kitu ni jambo la pili. Serikali inaweza kuongea mwezi mzima bila kutoa hata senti.

Mwaka 1973 kundi la Kipalestina la Septemba Nyeusi lilivamia ubalozi wa Saudi Arabia mjini Khartoum na kuwashika wanadiplomasia, akiwemo balozi wa Marekani Cleo Noel. Siku ya pili Rais Nixon aliulizwa na waandishi wa habari, akajibu kwamba Marekani haitalipa wala kutishika. Mjumbe wake alikuwa bado njiani kuelekea Sudan. Jioni ile Noel, msaidizi wake George Curtis Moore na Mbelgiji Guy Eid wakapigwa risasi. Siwezi kusema ni maneno ya Nixon yaliyowaua, waliofyatua risasi wanajulikana. Ninachosema ni kwamba hakukuwa na sababu ya kuyasema hadharani siku ile, mjumbe akiwa hajafika.

Sasa chukua mateka wa ndege iliyotekwa na kupelekwa Entebbe, Uganda, Juni na Julai 1976. Tunaikumbuka kwa makomando, na ni haki yao. Lakini muda wa watekaji ulikuwa uishe 1 Julai. Siku hiyo baraza la mawaziri la Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, lilikubali kuingia kwenye mazungumzo, habari zikawafikia watekaji, nao wakasogeza muda hadi 4 Julai. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndege za Israeli zikatua na watu 102 wakaokolewa. Bila zile siku tatu, makomando wasingekuwa na pa kwenda. Waliofungua mlango ni waliokubali kuongea, ingawa hawana sanamu.

Mkono usioweza kuukata, ubusu, walisema wahenga, na hawakusema uache kutafuta panga.

Au Thailand. Raia wake waliokuwa wakifanya kazi mashambani kusini mwa Israeli walichukuliwa Gaza pamoja na wengine 7 Oktoba 2023. Thailand haikuwa na mfungwa hata mmoja wa kubadilishana. Ilituma watu kuongea kupitia Iran, Qatar ikasaidia, na mwezi Novemba Wathailandi 23 wakaachiwa, nje ya hesabu ya wafungwa ambayo Israeli na Hamas walikuwa wakibadilishana.

Na Marekani yenyewe? Mei 2014, wakati Foley bado yu hai, ilibadilishana wafungwa watano wa Taliban waliokuwa Guantanamo kwa askari mmoja, Bowe Bergdahl. Februari 2020 ilisaini makubaliano na Taliban hao hao mjini Doha, na watano wale walikuwa wameingia kwenye timu ya mazungumzo ya upande wa pili. Sisemi ilikosea. Nasema kwamba serikali zote huongea, na tofauti iliyopo ni nani anaruhusiwa kujua.

Anayevuka

Mtu wa kuongea ni nani hasa? Mara chache ni waziri.

Madaktari wawili wa Cuba walipotekwa Mandera 12 Aprili 2019, na askari aliyekuwa akiwalinda kuuawa, waliovuka mpaka kwenda kuwatafuta ndani ya Somalia walikuwa wazee. Nawafikiria sana wazee hao. Hawana kinga ya kidiplomasia, hawana helikopta ya kuwafuata mambo yakiharibika. Wana koo zao, wana lugha moja na walioshika bunduki, na wana majina ambayo mtu wa upande wa pili anayajua tangu utotoni. Safari yao haikuzaa matunda waliyoyatafuta. Februari 2024 al-Shabaab walidai kwamba madaktari hao walikufa katika shambulio la anga la Marekani huko Jilib.

Kwa wasichana wa Chibok, Nigeria, 276 waliochukuliwa shuleni usiku wa 14 Aprili 2014, kazi hiyo ilifanywa na Msalaba Mwekundu na serikali ya Uswisi. Wasichana 21 waliachiwa Oktoba 2016, wengine 82 Mei 2017, hao wa mwisho kwa kubadilishana na makamanda wa Boko Haram. Ulimwengu ulipiga kelele miaka mitatu, nami nilikuwa kwenye kelele hizo kama kila mtu. Waliowatoa walikuwa watu wachache wanaojua kunyamaza.

Lakini mazungumzo nayo yana ukatili wake. Februari 2018, huko Dapchi, wasichana 110 walichukuliwa. Mwezi mmoja baadaye karibu wote walirudishwa na watekaji wenyewe kwa magari. Mmoja akabaki. Alikuwa Mkristo, na alikataa kuiacha dini yake. Kila ninapoanza kuyasifu mazungumzo, namkumbuka huyo msichana aliyewaangalia wenzake wakipanda gari. Na mwisho wa 2020, huko Kankara, zaidi ya wavulana 300 walichukuliwa shuleni kwao kwa usiku mmoja, na baada yao shule nyingine na nyingine kaskazini mwa Nigeria. Majambazi walikuwa wameona watoto wa shule wanatikisa serikali kiasi gani.

Nimeyaweka hayo hapa kwa makusudi. Sitaki kuandika makala inayoficha upande wake dhaifu.

Kuwaadhibu waliofiwa kabla ya kufiwa

Kuna jambo moja ambalo sina shaka nalo hata kidogo.

Foley alipokuwa mateka, watekaji walitaka euro milioni 100. Hakuna familia ya kawaida yenye fedha hizo, lakini wazazi wake walijaribu kuanza kuchangisha, kwa matumaini kwamba kiasi kingeshuka. Mama yake, Diane Foley, amesimulia kwamba ofisa wa serikali aliwaonya, zaidi ya mara moja, kwamba kulipa kunaweza kuwafikisha mahakamani. Hebu mfikirie mtu huyo. Serikali yake haiongei na waliomshika mwanawe, na inamwambia yeye akiongea atashtakiwa.

Juni 2015 Obama alibadilisha sera. Serikali bado haitalipa, alisema, lakini inaweza kuwasiliana na watekaji, na familia hazitashtakiwa. Alikiri kwamba familia hazikutendewa inavyostahili. Ilikuwa imepita karibu mwaka tangu Foley auawe.

Katika kuzibana familia, Italia ilikuwa imekwenda mbali zaidi mwaka 1991, ikaweka sheria ya kuzuia mali za familia ya aliyetekwa zisiguswe. Aprili 2022 Seneti ya Nigeria ilipitisha muswada wa kumfunga anayelipa kikombozi angalau miaka 15. Naelewa hesabu yake: ukikausha fedha, biashara inakufa. Lakini dola iliyoshindwa kumlinda mtoto njiani kwenda shule haina mamlaka ya kimaadili ya kumfunga baba yake kwa kuuza ng'ombe ili amkomboe. Ikate fedha kwa watekaji, iwafuate wanaozipokea, wanaozihifadhi, wanaozibadilisha. Ianzie huko.

Tena ushahidi kwamba kukataa kunapunguza utekaji si imara kama tunavyoaminishwa. Mwaka 2017 taasisi ya New America ilichapisha uchambuzi wa mateka wa nchi za Magharibi tangu 2001. Haikuona kwamba raia wa nchi zisizolipa walitekwa kidogo kuliko wengine. Iliona kwamba walikufa zaidi. Watekaji wengi humchukua wanayempata, na pasipoti wanaiangalia baadaye.

Ninaposimama

Serikali iongee. Na kundi lolote, kwa mateka yeyote, kuanzia siku ya kwanza, kimya kimya, kupitia wazee, Msalaba Mwekundu, nchi ya tatu, yeyote anayeweza kupita. Isijivunie kwamba haiongei.

Kuhusu kutoa, sina kanuni moja, na simwamini aliye nayo. Fedha naziogopa kwa sababu hazina uso: zikishatoka hujui zimegeuka nini. Mfungwa ana jina na faili, unaweza kujua unamwachia nani, ingawa Sinwar naye alikuwa na jina na faili. Ningependa serikali itangulize vitu vingine, dawa, njia salama, miili ya waliokufa, wafungwa wasiomwaga damu, kabla ya kufika kwenye fedha. Na ikiamua kukataa, iwaambie hivyo wazazi uso kwa uso, mapema, badala ya kuwaacha mwaka mzima wakidhani kuna kitu kinaendelea.

Novemba 2025 mwili wa kijana wa Kitanzania, aliyekwenda Israeli kujifunza kilimo na kuuawa 7 Oktoba 2023, ulirudishwa kutoka Gaza baada ya miaka miwili. Ulitoka kwa sababu wengine walikaa mezani, wakasitisha vita, na wakaandika kwenye karatasi kwamba kila maiti irudi. Nchi nyingi za dunia ziko hivyo: hazina makomando wa kurusha, hazina wafungwa ambao upande wa pili unawataka. Zinachoweza kuwa nacho ni ofisa mmoja mwenye jina linalojulikana, aliyeteuliwa kabla hajatekwa mtu, anayejua Doha ampigie nani na Geneva ampigie nani, na ambaye familia ikimpigia saa nane za usiku anapokea simu. Ningependa kuisikia kila serikali ikimtaja mtu huyo bungeni, pamoja na bajeti yake.